Waya Iliyokumbuka Taya

Chuma kikigongwa hukiri. Kinabonyea, rangi inachunika, na mwenye gari anashika kichwa papo hapo. Faiba haina tabia hiyo. Unaiangusha, unaipangusa vumbi, uso wake unang'aa vilevile, nawe unairudisha barabarani ukidhani imesalimika, kumbe ndani tabaka zimeachana kama mume na mke wanaoendelea kula meza moja. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii. Kama mtaacha kusoma hapa, mwondoke nalo.

Naitwa Hawa. Sisi ni Wanubi wa Bombo, lakini maisha yangu ya kazi yamepita Bugolobi, Kampala, upande ule ambako ghorofa za kuishi zinaishia na mageti ya viwanda yanaanza. Nimefanya kazi ya faiba tangu usichana wangu hadi ngozi yangu ilipoikataa hadina, ile dawa tunayotia kwenye rezini, gundi inayoshika nyuzi za faiba, ili igande. Ilifika mahali mikono inavimba nikikanyaga tu kizingiti cha karakana. Daktari akasema basi, nami nikasema basi, ingawa sikulisema kwa furaha. Siku hizi nakaa nyumbani nasoma, na ninyi vijana wa karakana mnanipigia simu. Swali linalorudi kuliko yote ni lile la waya: "Mama Hawa, ni kweli mliweka waya za meno ndani ya sanduku la damu?"

Ni kweli. Nitawaeleza yote kwa mara moja, ili mniache nipike.

Aliyenifundisha ni Mzee Bahati, Mkongo wa Bukavu, fundi aliyekuwa akiunda boti Ziwa Kivu kabla vita havijamleta Kampala. Alikuwa mfupi, mpana, na alizungumza na vitu zaidi ya alivyozungumza na watu. Siku zangu za mwanzo alinipa sarafu akaniweka mbele ya bampa ya lori.

"Piga," akasema.

Nikapiga.

"Hapana. Wewe unapiga kama muntu anabisha mulango. Piga kama muntu anauliza."

Nikaanza kuuliza. Nilipita bampa nzima, nikigonga polepole kutoka pembe hadi pembe. Ti, ti, ti, ti. Halafu, karibu na taa ya kushoto, tu. Nikarudi nyuma. Ti. Nikaenda mbele. Tu. Kwa macho hapakuwa na kitu, hata mkwaruzo. Mzee Bahati akachora duara kwa chaki kuzunguka ile sauti nzito.

"Hapa amekufa," akasema. "Nje anavaa suti, lakini amekufa."

Dereva wa lori alikuwa amesimama hapo, akaanza kubisha. "Mzee, hiyo bampa ni nzima! Mnatafuta kazi tu!" Mzee aliweka goti lake katikati ya duara, akaegemea kidogo, na bampa ikalia kama biskuti. Dereva alitazama, akatazama, kisha akauliza kazi itakuwa tayari lini.

Siku hizi mna simu zinazopima joto la ukuta bila kuugusa, na mnanyonya hewa kwa mashine ili tabaka zikae vizuri. Ni vizuri. Lakini bado sijaona mashine ya karakana inayoshinda sarafu na sikio lililotulia. Zimeni redio kwanza.

Tulikuwa na ugomvi wetu, mimi na mzee. Yeye alipima hadina kwa jicho. Alimimina, akanusa, akakoroga, akasema "iko sawa," na mara nyingi ilikuwa sawa kweli. Mimi nilikuwa nimesoma maandishi yote yaliyobandikwa kwenye makopo ya rezini, pamoja na yale madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma, na nilileta mizani ya jikoni, yenye mshale kama wa saa. Mzee aliiita "ile saa ya mama". Nikipima, anasema, "Saa ya mama inasemaje? Watoto wamefika shuleni?" Nilimwacha aseme. Lakini niligundua kwamba siku za mvua, akihisi baridi, mkono wake unazidisha. Kumbukeni hilo, tutalikuta mbele.

Sasa sanduku.

Kuna hospitali ndogo juu ya kilima, jina lake halina haja hapa. Haina akiba kubwa ya damu. Mama akijifungua na damu ikakataa kusimama, inabidi damu ifuatwe kwenye ghala kuu, na ninyi mnaijua foleni ya magari ya Kampala. Kwa hiyo walikuwa na mwendesha pikipiki, kijana mmoja anaitwa Sula, na nyuma ya pikipiki yake palikuwa na sanduku letu: ngozi mbili za faiba, katikati povu gumu la kuzuia joto. Tulilitengeneza sisi, jeupe, zuri, lenye msalaba mwekundu. Mzee Bahati aliupaka ule msalaba mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aushike.

Asubuhi moja akaja Sister Nakato, muuguzi mkuu wa wodi ya uzazi pale. Ni mwanamke mrefu, hapandishi sauti. Aliliweka sanduku mezani.

"Nnyabo Hawa, tazama hili."

Nikatazama. "Lina nini, Sister?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Sula alikuwa ameteleza kwenye murram, barabara ya changarawe, wiki ile. Kiwiko kilichubuka, akainuka, akapangusa sanduku, akaliona zima, akaendelea na kazi. Nikatoa sarafu. Kwenye kona ya chini sauti ikawa nzito. Nikamwagia maji, nikapangusa, ndipo nikaona ufa mwembamba kama unywele. Mvua ilikuwa imeingilia hapo, povu likalowa, na povu lililolowa halizuii joto. Siku iliyofuata damu ilifika ikiwa imepata joto kupita kiwango, na damu ya namna hiyo haitiwi mtu. Ikamwagwa.

"Na yule mama?" Mzee Bahati akauliza.

"Tulipata nyingine kwa hospitali jirani. Akaishi," akasema Sister. "Lakini sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kwa ajili ya atakayefuata. Nataka sanduku ambalo Sula akianguka, lenyewe linaamka kabla yake. Mkishindwa mniambie, nirudi kwenye gari."

Gari maana yake ni foleni, na foleni maana yake kila mmoja wetu aliijua.

Jambo la kwanza tulilofanya ni lile ambalo kila fundi hulifanya: tuliongeza unene. Tabaka juu ya tabaka. Sula akalijaribu kuzunguka mtaa, akarudi amekunja uso.

"Mama, hili ni sanduku au ni mke wa pili? Mimi nikikata kushoto, lenyewe linataka kulia."

"Zoea," nikamwambia.

"Wa kwanza mwenyewe sijamzoea!"

Hata tungemnyamazisha Sula, sanduku lilikataa lenyewe. Tulilidondosha, ngozi ya nje ikastahimili, lakini kwa ugumu wake ikalipeleka pigo lote ndani, ngozi ikabanduka kwenye povu. Nawaomba mlielewe hili, maana bado mnaniletea masanduku mazito mkitaka niwapongeze. Kitu kigumu na kitu kinachovumilia pigo si kitu kimoja. Kigumu hulikataa pigo, nalo linakwenda kutafuta pengine pa kuvunja. Tulihitaji kitu cha kulinywa.

Jibu lilikaliwa na Mzee Bahati.

Nilikuwa na miwani ya kusomea niliyoichagua soko la Owino kwenye rundo la mitumba, fremu nyembamba ya rangi ya fedha. Niliiacha kwenye benchi, mzee akaja na chai yake akakaa. Akasimama haraka kuliko umri wake.

"Dada Hawa. Nimeua macho yako."

Fremu ilikuwa imelala bapa kama dagaa, imenasa kwenye ufa wa benchi. Akaichomoa kwa vidole viwili anipe, nayo, mikononi mwake, ikajirudi. Mara moja, bila kelele, ikawa miwani tena. Mzee akaiachia kwenye benchi.

"Hii kitu ni mulozi," akasema.

"Si mchawi, mzee. Ni madini."

"Basi ni madini ya mulozi. Kaa juu yake tena, tuone."

Tukakaa juu yake kwa zamu, watu wazima wawili. Kila mara ilirudi.

Nikaanza kusoma. Nilisoma kwenye simu, polepole, nikitafuta neno baada ya neno, na nitawapa kiini chake kama nilivyokielewa. Ukichanganya nikeli na titani kwa kipimo chake, unapata madini yenye kumbukumbu ya umbo. Yana ndugu wawili. Wa kwanza ni kama fremu yangu: unamkunja, unamwachia, anarudi hapo hapo. Wa pili ni mpole. Akiwa baridi unamkunja anakaa ulivyomkunja, lakini ukimpa joto analikumbuka umbo alilofundishwa kiwandani na kulirudia, na ukijaribu kumzuia atakusukuma. Wahandisi wa mbali walikuwa wanalaza nyuzi za madini haya ndani ya faiba. Pigo likija, waya inanyumbuka kupita chuma chochote cha kawaida, inalinywa pigo, halafu inarudi. Faiba iliyo jirani inabaki na kazi ndogo.

Hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka. Waya ndiyo hatukuwa nayo.

Mpwa wangu alikuwa amefungwa waya za kunyoosha meno kwa daktari mmoja Kamwokya, Daktari Okello, kwenye ghorofa ambayo chini yake muziki haunyamazi. Siku nilipompeleka, nikamwuliza ile waya ni ya nini. Akafurahi, nadhani wagonjwa wake huwa hawaulizi. Akatoa moja, imepinda kama kwato ya farasi kufuata mstari wa taya, akaikunjakunja ikawa kama uzi uliochezewa na paka, akaitia kwenye kikombe cha maji ya moto. Ikaruka ikawa kwato tena.

"Hii inalala kwenye joto la chumba," akasema, "inaamka na joto la mdomo. Ndiyo maana inavuta meno polepole."

Nikamweleza habari ya sanduku. Akafungua kabati, akatoa pakiti ambazo tarehe ya kuingia mdomoni ilikuwa imepita, akaniwekea kwenye bahasha. "Kale, haya chukua, mama. Meno yamezikosa, damu izipate."

Niliondoka nimebeba bahasha kama mtu aliyebeba mayai. Maneno yake niliyasikia vizuri. Isipokuwa sikufikiri kwamba rezini nayo ina mdomo.

Tulianza na kifuniko, kwa sababu ni bapa na rahisi. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Waya zilikuwa baridi, na zilitii ajabu. Tulizinyoosha kwa vidole, tukazilaza kwenye faiba mbichi moja baada ya nyingine, zikakaa zimenyooka kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi. Mzee alifurahi.

"Unaona? Si wabishi hawa."

Kisha akapuliza mikono. "Lakini baridi hii, rezini italala mpaka kesho. Tuongeze hadina."

"Mizani inasema imetosha, mzee."

"Saa ya mama haisikii baridi."

Akaongeza. Nami nikakoroga, maana na mimi nilitaka kukiona kifuniko siku hiyo hiyo. Tukaenda kula kikomando kwa mama wa chapati ng'ambo ya barabara, tukashiba maharage, tukarudi.

Rezini inapoganda hujipasha moto yenyewe, na ukiizidishia hadina hupata moto wa kuunguza. Hilo kila mmoja wetu alilijua. Waya za daktari huamka na joto. Hilo nalo tulilijua. Tulikuwa tumeyaweka maarifa haya mawili katika vichwa viwili tofauti na kuvipeleka vyote kula chapati.

Kifuniko kilikuwa kimejing'oa kwenye kalibu. Ncha zake mbili zimeinuka juu, katikati kimebaki chini, na hapa na pale waya zimetoboa rezini zikachomoza. Mzee Bahati alikizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Dada Hawa. Hii kifuniko inatucheka."

Nilikuwa sijui nilie au nifanye nini.

"Na ju ya nini iko na meno?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sula akafika kuuliza maendeleo, akakiona, akarudi nyuma hatua. "Hicho ndicho mnampelekea Sister? Atadhani mnamtania!"

Nikampigia Daktari Okello. Nilipomweleza, nikasikia anaita watu wake waje wasikilize.

"Nilikwambia zinaamka na joto!"

"Ulisema joto la mdomo."

"Na hicho kikombe chenu cha rezini, mama, kina joto gani?"

Mzee akakigusa kikombe tulichokorogea, akakiachia akipuliza vidole.

Jioni ile wenzetu walipoanza kufagia, nilichukua waya moja iliyobaki, imenyooka, nikaitia kwenye chai yangu. Ikajikunja ikawa taya. Nikaitoa, nikaipangusa, nikawa naichezea bila nia, na macho yangu yalikuwa kwenye sanduku bovu la Sister pale mezani. Kona yake haikuwa kali, tuliiviringa tangu mwanzo ili isimchome mtu. Nikaipeleka waya pale. Ikaikumbatia kona kama iliyoshonewa.

Nikamwita mzee. Akatazama muda mrefu.

"Siye ndiyo tulikuwa tunamusumbua," akasema. "Tunamwambia nyooka, nyooka. Kumbe yeye ni muntu wa kona."

Sanduku la pikipiki huangukia wapi? Kwenye kona. Halijawahi kuangukia katikati ya kifuniko. Waya ile ikilazwa kwenye kona, joto la rezini likija lingeiambia irudi mahali ambapo tayari ipo. Haikuwa na sababu ya kugombana na mtu.

Msidhani iliishia hapo. Kona ya kwanza tuliikata kwa msumeno tuone ndani, nikaishika ncha ya waya kwa koleo, ikachomoka yote laini kama tambi kwenye mchuzi. Madini haya yana uso wa utelezi, rezini haiyashiki. Kwa hiyo tulijifunza kuzisugua waya kwa msasa mpaka mng'ao ufe, kuziosha, kuzikausha, na tangu hapo kutozigusa kwa vidole vitupu, maana mafuta ya mkono hurudisha utelezi wote. Tulijifunza kutozilaza zote kwenye tabaka moja, kwa kuwa zikipangana hapo panakuwa mlango wa kupasukia. Moja tuliilaza chini ya tabaka la nje, nyingine chini zaidi, zimepishana. Na hadina kidogo, kwa mizani. Tabaka jembamba, unasubiri, unagusa kwa mgongo wa mkono, likipoa unaweka jingine. Mzee Bahati, aliyemimina kwa jicho maisha yake yote, ndiye aliyekuwa akija kwangu na kikombe mkononi: "Saa ya mama inasemaje?" Safari hii alikuwa anauliza kweli.

Tulipokuwa tayari tulimwita Sister Nakato. Tulitengeneza masanduku mawili pacha, tabaka sawa, uzito karibu sawa, moja bila waya na jingine lenye waya kwenye kona zote. Ndani tulitia mifuko ya maji baridi badala ya damu. Tukapanda kwenye mnara wa tangi la maji la karakana, chini pale getini pamewekwa mawe.

Tulidondosha kwanza lile lisilo na waya. Lilipotua, kona ilifunguka, povu likaonekana. La pili lilipotua lilidunda, likabiringika, likakaa. Nikaligonga kwa sarafu. Sauti nzito ilikuwepo, siwezi kuwadanganya, lakini kaduara kake ka chaki ningeweza kukaficha chini ya kidole gumba.

"Limepona, Sister," akasema Sula kwa furaha.

"Tena," akasema Sister.

"Lakini limeshapona!"

"Sula, wewe huwa unaanguka mara moja kwa mwaka? Tena. Kona ileile."

Tukalidondosha tena kwenye kona ileile. Safari hii ulionekana ufa mdogo na kona ilibonyea kidogo. Nikaleta birika. Nikamimina maji ya moto juu ya kona, polepole, na mbele ya macho yetu ile kona ikajivuta, ufa ukajibana mpaka usingeweza kuingiza karatasi.

"Banange," akasema Sister Nakato. Hilo ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilitoa bila kulipanga.

Nilimweleza kila kitu kama kilivyo, na ninyi nawaeleza vilevile, kwa maana nimesikia mnawaambia wateja kwamba sanduku linajiponya. Halijiponyi. Rezini iliyovunjika imevunjika. Waya inaushika ufa ukiwa umefungwa ili maji yasipite mpaka sanduku lifike karakanani lizibwe. Msiuze miujiza. Mnachouza kinatosha.

Sister akatia kipimajoto chake ndani, akafunga, akanywa chai nasi, akauliza habari za Bukavu, akafungua, akasoma.

"Kale. Nachukua hili."

"Hilo limepigwa, Sister. Tutakutengenezea jipya," nikasema.

"Jipya silijui tabia. Hili nimeliona linaanguka. Lizibeni hapo kwenye ufa, Sula atakuja kulichukua."

Mzee Bahati alivua kofia yake. Nilidhani anafuta jasho, lakini aliishika kifuani mpaka pikipiki iliyombeba Sister ilipopotea. Tangu nimjue sijamwona akivulia kofia mtu mwingine, wala kitu kingine.

Mvua za vuli zilipokuwa zimekolea, nikapigiwa simu na Sula mchana. Sauti yake ilikuwa juu.

"Mama! Nimeanguka Kamwokya. Mtu amefungua mlango wa gari bila kutazama. Sanduku limeruka, limekwenda na lami, likaupiga ukingo wa mtaro!"

"Wewe mzima?"

"Kiwiko tu, kilekile. Mama, ndani kulikuwa na damu."

"Na sasa?"

"Nimeifikisha."

Akakata. Nilichukua mfuko wangu, sarafu, chaki, msasa, bunda la faiba, nikapanda boda nikaenda kilimani. Njia nzima nilikuwa nikiifikiria ile kona: imepigwa upande gani, waya ya nje imeshika au imechomoka, maji yamepita au hayakupita. Sister Nakato nilimkuta kwenye korido akitembea kwa haraka, glavu mkononi.

"Sister, liko wapi sanduku?"

"Limekwenda."

"Limekwenda wapi?"

"Kufuata mifuko mingine. Mama aliye ndani bado anavuja damu. Ile ya kwanza imeingia, haimtoshi."

"Lakini sijalikagua!"

"Mimi nimelikagua. Damu imefika baridi kama ilivyotoka." Akafungua mlango wa wodi kwa bega. "Ukilitaka, lingoje getini."

Nikaenda nikasimama getini, chini ya mabati, na mfuko wangu wa vifaa. Nimefanya kazi ya faiba miaka mingi, vijana. Nimetengeneza bampa, matangi, paa za mabasi, boti. Kazi nyingi ukishaikabidhi huioni tena ikifanya kazi yake. Unaiona tu ikirudi imeharibika. Siku ile nilingoja kuiona ikirudi nzima.

Pikipiki ikapanda kilima kwa gia ndogo. Sula alikuwa amefungwa bendeji kwenye kiwiko, matope mpaka shingoni. Sanduku halikuwa jeupe tena. Msalaba wa Mzee Bahati ulikuwa umekwaruzwa nusu, na kona ya chini ilikuwa imesagwa na lami mpaka nyuzi za faiba zinaonekana, na katikati ya nyuzi, mstari mmoja mwembamba wa rangi ya fedha, umepinda kufuata kona, haujasogea.

Sula akafungua mikanda, akalishika mikononi. Nikaweka kiganja changu juu ya ile kona. Sikuwa napima chochote. Nilitaka tu kuishika.

"Mama," akasema Sula, kwa upole lakini miguu yake ilikuwa tayari inaondoka, "toa mkono. Wanaingoja ndani."

Nikautoa, likapita.